Pambo langu la Krismasi linakunjamana likitoka kwenye fremu. Nimekosea wapi?

"Fundi, habari za kazi. Nilihudhuria warsha ya siku moja ya kudarizi mapambo ya mti wa Krismasi kwa mkono. Nilidarizi nyota nyekundu iliyojazwa uzi, kwenye duara la sentimita 10 la kitambaa cheupe chepesi cha pamba. Ilipokuwa kwenye fremu, yale maduara mawili ya kukibana kitambaa, ilipendeza mno. Nilipoitoa, kitambaa kikajikunja kuizunguka nyota. Nikaishona na kipande cha nyuma, nikageuza, nikajaza pamba mpaka pambo likanona, ukingo wote ukaota makunyanzi. Mwisho nikapangusa alama za kalamu ya bluu kwa kitambaa chenye maji, wekundu wa uzi ukavuja kwenye weupe. Mkufunzi alituambia tukaze kitambaa mpaka kilie kama ngoma na tuvute kila mshono uwe imara, nami nilifanya hivyo hivyo. Nyumbani nimerudia, mambo ni yale yale. Nimewaahidi ndugu na marafiki mapambo 12 kabla ya sikukuu. Wapo wanaoniambia nihamie kwenye felti, kile kitambaa kinene cha nyuzi zilizogandamizwa, wapo wanaosema nibandike kwa gundi ya moto nisijisumbue. Je, mkono wangu ni mzito, au kuna jambo silijui?"

Ndugu yangu, mkono wako si mzito. Unachokiona kama kosa moja ni mambo matatu tofauti yaliyokutana kwenye pambo moja: mikunjo inayoizunguka nyota, makunyanzi ya ukingoni, na rangi iliyovuja. Kila moja lina chanzo chake, na ni la kwanza tu linalohusu namna unavyovuta uzi. La pili lingekupata hata kama usingedarizi chochote. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wanaotoka kwenye warsha ya siku moja hufika hapo ulipofika wewe, wakajihukumu kwamba hawana kipaji, na sindano ikaishia kabatini. Inaniuma kuliona hilo, maana mara nyingi kilichokosekana ni maelezo ambayo muda wa warsha haukuyatosha.

Tuanze na kitambaa kikiwa ndani ya fremu. Kimefumwa kwa nyuzi za mtande, yaani zinazokwenda kwa urefu, na nyuzi za mshindio, yaani zinazozikatisha kwa upana, na ukikivuta hurefuka kidogo. Kwa urefu wa nyuzi zake hunyumbuka kidogo sana. Ukikivuta mshazari, yaani pembe hadi pembe, hunyumbuka sana, kwa sababu hapo nyuzi hazirefuki, zinahama tu mahali pake. Sasa fikiria umekivuta pande zote mpaka kikarefuka, halafu ukaijaza nyota uzi. Ile sehemu ya nyota imefungwa na mamia ya mishono katika ule ukubwa wa kuvutwa. Ukifungua fremu, kitambaa cha pembeni kinarudi ukubwa wake wa asili, cha nyota hakirudi, kwa kuwa kimejaa uzi. Sehemu iliyozidi haina pa kwenda, inainuka na kuwa mawimbi.

Upande wa pili kuna uzi wenyewe. Kila mshono una tundu la kuingilia na tundu la kutokea, na ukiuvuta kwa nguvu yale matundu mawili yanasogeleana. Ndani ya fremu huoni kitu, kwa sababu fremu inashindana na uzi na kukishikilia kitambaa. Ukiifungua, uzi unabaki bila mshindani. Nyota yako imejazwa kwa mishono iliyolazwa sambamba, mmoja kando ya mwenzake, kwa hiyo yote inavuta kuelekea upande mmoja. Kila mshono ukipunguza hata nusu milimita, nyota nzima inabanwa kiunoni na kitambaa kinajikunja kando yake.

Ndiyo maana mambo hayo mawili uliyoagizwa, ukiyafanya kwa pamoja kwenye kitambaa chepesi, yanaleta matokeo uliyoyapata. Agizo la ngoma lina ukweli wake: kwenye kitani kizito au pamba nene iliyofumwa kwa kubana, kaza tu, kitambaa hicho hakirefuki kirahisi. Kwenye pamba nyepesi, au iliyochanganywa na nyuzi za mpira, ngoma ni mtego. Kuhusu kuvuta kila mshono, hapo sikubaliani na mkufunzi hata kidogo. Uimara wa darizi unatokana na namna ulivyoanza na kumalizia uzi wako kwa nyuma. Kuuvuta hakuongezi kitu.

Usinitegemee mimi kwa maneno tu, jipime. Kabla ya kukitia kitambaa kwenye fremu, kilaze mezani bila kukivuta, uchore mistari miwili ya sentimita 5 inayokatana, mmoja ukifuata mtande na mwingine mshindio. Kitie kwenye fremu kama ulivyozoea, kisha pima tena. Mstari ukisoma 5.2 umekivuta kupita kiasi, na ukiona njia panda yako imepinda, umekivuta mshazari. Legeza, panga upya, pima, mpaka usome 5 au zaidi kwa unywele tu. Baada ya hapo darizi jani dogo lililojazwa uzi pale pale kwenye mstari, toa kitambaa kwenye fremu, pima mara ya tatu. Ukisoma 4.8, ni uzi unaovutwa. Kwa kipande kimoja cha kitambaa chakavu utajua tatizo lako ni fremu, ni uzi, au ni vyote viwili. Kwa maelezo yako nahisi ni vyote viwili.

Sasa dawa yake. Zungushia utepe wa pamba kwenye duara la ndani la fremu, ncha yake uishone. Utepe huo unakamata kitambaa hivyo huhitaji kukikaza kwa nguvu. Kitambaa ukishakilaza, funga skrubu nusu, vuta kwa kufuata nyuzi tu: juu na chini, kushoto na kulia, usivute kwenye kona. Kisha malizia skrubu. Kinatakiwa kiwe kimenyooka, kisibonyee sindano inapoingia, lakini ukikitazama kwa karibu matundu ya ufumaji yasiwe yamefunguka. Unapoacha kazi usiku, kitoe kwenye fremu, la sivyo alama ya duara itang'ang'ania hapo.

Uzi nao uvute mpaka uguse kitambaa, basi. Kuna wakati mahsusi utauona ukitazama: kitanzi kinapungua, kinapungua, kinalala juu ya kitambaa. Hapo ndipo mwisho. Mvuto mmoja zaidi na utaona kishimo kidogo kimetokea pale uzi unapoingia. Kishimo hicho ndicho mkunjo wa baadaye. Uzi wa kudarizi wa kawaida una nyuzi nyembamba 6 ndani yake. Kwenye pamba nyepesi tumia 2, kwa kujaza labda 3. Ukitia zote 6 unasukuma nyuzi za kitambaa kando kwa nguvu, na kitambaa kinatanuka pale pale hata kama hukuvuta kitu. Kata uzi usiozidi sentimita 45 au hivi, toa zile nyembamba moja moja, kisha ziunganishe tena. Inaonekana kama kupoteza muda, ila zikishatenganishwa hivyo hulala bapa na sambamba badala ya kujisokota, na mng'ao wa nyota unatoka hapo. Ule mng'ao wa uzi wa pamba ni tunda la kazi iliyoanza na Mwingereza John Mercer, aliyepata hataza mwaka 1850 ya kutibu pamba kwa soda kali. Baadaye ikaonekana kwamba uzi ukivutwa wakati wa tiba hiyo, unang'aa. Kazi yote hiyo hupotea machoni uzi ukijisokota. Kila baada ya mishono michache iachie sindano ining'inie, uzi ujifungue wenyewe.

La mwisho kwenye hili: weka kitambaa cha pili nyuma ya kile cha kwanza, pamba nyepesi ya kawaida iliyofuliwa, udarizi kupitia vyote viwili. Au tumia kile kitambaa chenye gundi kinachobandikwa kwa pasi, ambacho mafundi cherehani hutia ndani ya kola. Kama ningeruhusiwa kukushauri jambo moja tu katika barua yote hii, ningechagua hili, kwa sababu linasamehe mkono unaojifunza.

Makunyanzi ya ukingoni ni habari nyingine kabisa, na hapo naomba uutoe mkono wako lawamani moja kwa moja. Maduara mawili bapa yakishonwa pamoja ukingoni na kujazwa, yanafanya kama lile puto la karatasi ya kung'aa la sherehe. Likiwa tupu, ukingo ni laini. Likijaa, upana wake unapungua kwa sababu katikati kumeinuka, lakini ukingo unaolizunguka una urefu ule ule wa mwanzo. Umbo hili limepigiwa hesabu na wanahisabati: likijazwa hadi mwisho, kwa kitu kisichonyumbuka, kipenyo kinashuka mpaka takriban asilimia 76 ya kile cha awali. Kwa duara lako maana yake ni kwamba ukingo wa sentimita 31 na ushei unalazimishwa kuzunguka mahali penye nafasi ya 24. Zile 7 zilizobaki lazima zijikunje. Kitambaa hunyumbuka kidogo, nawe hukujaza hadi mwisho, kwa hiyo yako ni machache kuliko hayo, lakini kadiri unavyonenepesha ndivyo yanavyoongezeka. Hakuna mshono duniani utakaoyaondoa.

Kuna nyongeza moja unayoweza kuirekebisha: ile sehemu ya kitambaa inayobaki nje ya mshono kabla hujageuza. Ukingo wake wa nje ni mrefu kuliko mshono, na ukigeuza unaingia ndani, mahali pembamba zaidi, unarundikana. Ipunguze mpaka ibaki kama milimita 5, kisha kata vipembe vidogo kila baada ya sentimita moja, ncha ya mkasi ikikoma milimita 2 kabla ya mshono.

Baada ya hapo una njia tatu. Ya kwanza, jaza kidogo, pambo lisizidi unene wa sentimita 2 hivi katikati, ukubali makunyanzi machache. Kwenye mti hayaonekani sana. Ya pili, kama unataka tufe la kweli, acha maduara mawili, kata vipande 6 vyenye umbo la jani na uviunganishe. Inapendeza mno ila ni kazi kubwa, nami nisingemshauri mwenye mapambo 12 na tarehe isiyosogea. Ya tatu ndiyo ningeifanya mahali pako. Kata duara la kadibodi ngumu, bandika juu yake tabaka jembamba la pamba ya kujazia. Kikate kitambaa kilichodariziwa kikiwa kikubwa kuliko kadibodi kwa sentimita 2 kila upande, pitisha uzi imara kwa mishono ya kwenda mbele karibu na ukingo, weka kadibodi katikati, uzi ukiuvuta kitambaa kinajikusanya nyuma. Hapa vuta bila huruma. Makunyanzi yote yanahamia nyuma, ambako unayafunika kwa duara la felti lililoshonwa kwa mishono midogo, utepe wa kuning'iniza ukiwa umebanwa katikati yake. Uso unabaki laini, umeinuka kidogo, na kile kiwimbi kidogo kilichobaki kuzunguka nyota nacho hunyooka. Kama ile nyota ya warsha bado ina kitambaa cha kutosha pembeni, fumua mshono wa ukingoni na uiokoe kwa njia hii hii, kwa kadibodi ndogo zaidi.

Sasa wekundu. Rangi nyekundu ina sifa hiyo kwa sababu nyuzi za rangi kali mara nyingi hubeba rangi ya ziada ambayo haikushika vizuri kiwandani. Nyuzi za watengenezaji wanaoaminika huwa zimetibiwa zisivuje, za bei ya chini ni bahati nasibu, na kwenye warsha huwezi kujua umepewa zipi. Kupangusa kwa kitambaa chenye maji ndiko kulikokuponza. Maji machache yanaifungua rangi, yanaisogeza nusu sentimita, kisha yanakauka na kuiacha hapo. Hata wino wa bluu nao haukutoka. Umezama tu, na huenda ukarudi kitambaa kikikauka.

Kama doa bado ni bichi, usiliache likauke. Litie kwenye maji baridi mengi, ubadilishe maji mpaka yawe meupe kabisa, kisha lilaze bapa juu ya taulo jeupe, usikamue. Likishakauka bado jaribu: liloweke saa kadhaa kwenye maji mengi ya baridi yenye sabuni laini kidogo, ukibadilisha maji kila yanapopata rangi. Mara nyingine linatoka, mara nyingine linafifia tu. Pasi isiguse mpaka uridhike, kwa sababu joto hulikomaza doa, na wino wa zile kalamu za maji ukipigwa pasi kabla haujatolewa unaweza kubaki daima. Kwa mapambo yajayo, kabla hujaanza, lowesha kipande cha uzi wako mwekundu na ukibane ndani ya kitambaa cheupe kwa dakika chache. Ukiona uwaridi, suuza kifungu kizima kwanza mpaka maji yawe safi, ukaushe, ndipo udarizi. Kitambaa nacho kifue na kukipiga pasi kabla, maana pamba mpya hunywea inapolowa mara ya kwanza, na ikinywea nyota ikiwa tayari juu yake, tunarudi kwenye mawimbi.

Wengi wanakimbilia kalamu zinazofutika kwa joto ili kuepuka maji. Zinafaa, ila fahamu kwamba wino wake hauondoki, unakuwa tu hauonekani joto likifika nyuzi 60 hivi za Selsiasi. Kwenye baridi kali, takriban nyuzi 10 chini ya sifuri, unaweza kujitokeza tena. Pambo linalokwenda kwa ndugu aliye nchi ya theluji lisichorwe kwa kalamu hiyo.

Felti ni ushauri mzuri, ingawa si kwa sababu wanazokupa. Haina mtande wala mshindio, ni nyuzi zilizogandamizwa, kwa hiyo haichanuki ukingoni, hugeuzi kitu, unakata na kushona kingo mbili kwa mshono wa blanketi. Ni nene kiasi kwamba wengi huidarizi bila fremu, na hapo nusu ya matatizo yako yanatoweka. Lakini ina hasara zake. Huwezi kuiloweka ovyo, hasa ya sufu, maana hunywea na kuota vinyweleo. Kalamu haiandiki vizuri juu yake. Chora mchoro kwenye karatasi nyembamba ya kufungia zawadi, ibane juu kwa mishono mirefu, darizi ukipita kwenye karatasi, kisha ichane taratibu. Na mchoro mwembamba, kama majina ya watu kwa herufi ndogo, huzama kwenye vinyweleo vyake. Kwa nyota, jani, kengele, chagua felti bila wasiwasi. Kwa majina, baki na kitambaa.

Gundi ya moto siipendi kwenye kazi ya mkono ya namna hii, na si kwa majivuno ya ufundi. Inapenya kitambaa chepesi na kuacha vigumba vinavyoonekana mbele, sindano haipiti tena mahali pake, na ikipata joto hulainika. Nyuma ya pambo la kadibodi, tone moja la kushikilia utepe kabla hujashona halina ubaya. Na kwa kuwa tumetaja joto: pamba, uzi na pamba ya kujazia vyote vinashika moto, kwa hiyo mapambo haya yasikae karibu na mshumaa. Nyumba yenye mtoto mdogo, usishonee shanga wala vifungo, darizi tu.

Kuhusu idadi uliyoahidi, nikuambie ukweli. Nyota iliyojazwa vizuri kwa nyuzi 2 inaweza kukulia jioni nzima au mbili, na mkono wa haraka ndio unaovuta uzi. Ningekushauri ujaze tatu au nne kwa watu wa karibu zaidi, zilizobaki uzidarizi kwa mstari tu, mshono wa mnyororo au wa kurudi nyuma, pamoja na vifundo vichache vya kutawanya katikati. Mstari haukunji kitambaa kama kujaza kunavyokunja. Chora michoro yote kwenye kitambaa kikubwa kabla hujakata, ukiacha nafasi ya kutosha fremu isikandamize iliyokwisha, udarizi yote, ndipo uanze kukata na kuunganisha. Kukata mapema duara dogo, kama ilivyofanyika kwenye warsha, kunakunyima pa kushikia. Pasi ipige kwa nyuma, uso wa darizi ukiwa umelala juu ya taulo nene, ili mishono izame badala ya kubapatika.

Ukishajipima kwa ile mistari ya sentimita 5 na bado kipimo cha tatu kinashuka, maneno yangu hayatakusaidia zaidi. Nenda kwa mtu anayedarizi, uwe na fremu yako, kitambaa kile kile na uzi ule ule, umwombe akutazame ukidarizi kwa dakika kumi bila kukusahihisha kwanza. Mvuto wa uzi unaonekana kwenye kiwiko na vidole, na mwenye macho atauona upesi. Mwambie pia ageuze kazi yako na kutazama nyuma. Na kama vidole vinakufa ganzi, au unaamka usiku mkono ukichoma, hilo halihusiani tena na kudarizi vizuri au vibaya. Pumzisha mkono, ahadi ya mapambo isogezwe, na umwone daktari.